Galaksi Iliyotembea Mitunguu

Mitunguu,
12 Juni 1994

Kwako Baba Rwamba,

Kaa chini kwanza. Profesa Mbae amekubali. Barua yake nimeisoma mara nyingi mpaka karani wa shule ananiuliza kama nimeposwa.

Unakumbuka nilikuambia nataka kujua kinachotokea makundi mawili ya nyota, yaani galaksi mbili, yanapogongana. Hesabu yake ni ya kutisha kwa sababu kila nyota inaivuta kila nyota nyingine. Chukua nyota elfu tatu, kila moja inazivuta zote zilizobaki, zinasogea kidogo, halafu unaanza hesabu upya, na upya tena. Kompyuta ya idara pale Nairobi inaweza, lakini ina foleni ya watu wa mabwawa na watu wa takwimu, na zamu yangu ingefika nikiwa nyanya. Basi nimemwambia Profesa nitaunda yangu. Haitajua kuandika barua wala kupiga hesabu ya mishahara. Itajua jambo moja tu, nyota hii inaivuta ile kwa nguvu gani, na jambo hilo italifanya kwa kasi ambayo ile ya idara haijawahi kuota.

Iko hivi. Kuna bodi kumi na mbili. Kila bodi ina vijumba kumi na sita, na kila kijumba ni chipu chache zinazopiga hesabu ya nyota moja inavyozivuta nyingine na kupeleka jibu, kwa waya mmoja, kwenye kijumlishi kilicho katikati. Vijumba vyote vinafanya kazi kwa pamoja, na nyota zinapita humo kwa zamu. Ukitaka kuwaeleza watu wa nyumbani, waambie Mwalimu ana mbuzi wengi na bodi ni mazizi yao. Chipu ninazo, nimezing'oa kwenye mitambo ya simu iliyotupwa.

Kinachonishinda ni nyaya. Kila bodi ina karibu mia nne, na kila waya unazungushiwa kwenye pini mbili kwa kile kifaa chembamba kama kalamu, bila kulehemu. Ukikosea pini moja, nyota zinakuwa wendawazimu. Mimi nina vipindi ishirini na nane kwa wiki. Nataka mkono wako. Ni wewe uliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu ulipokuwa fundi wa maabara pale chuoni Embu, na sijaona mkono mwingine uliotulia kama ule. Tafadhali usimpe mtu mwingine kazi hii.

Nimepewa mpaka tarehe 25 Novemba. Hii ni mara ya tatu kuongezewa muda. Siku hiyo ikifika sina mashine inayotoa majibu sahihi, jina langu linafutwa, na miaka mitano ya kutafuta shahada ya uzamili imekwenda na maji. Michoro na chipu anakuletea Kirimi wa lori la ndizi.

Wako,
Felicitas Kathure


Karurumo,
21 Juni 1994

Kwako Mwalimu Kathure,

Kirimi alifika na sanduku lako chini ya mikungu arobaini. Nilidhani umeniletea ndizi, nikashukuru mapema, ikabidi nizirudishe shukrani.

Utaona nimekupigia taipu. Parokia walikuwa wanaitupa mashine hii nikaitengeneza. Siku hizi fundi wa redio asiye na karatasi ya taipu watu wanamwona ni wa chini ya mti.

Michoro nimeielewa. Usiku wa kwanza ilinipa kichwa kuuma, wa pili ikaanza kunichekesha kwa uzuri wake. Hii si kompyuta, Mwalimu, ni mtu mmoja anayejua wimbo mmoja, na anauimba mara mia moja tisini na mbili kwa wakati mmoja. Sijawahi kupewa kazi kama hii tangu nizaliwe, na mimi si kijana. Usitafute fundi mwingine. Ila nakuomba usije kunitazama nikifanya, kazi ya namna hii haitaki macho ya pembeni.

Mama yangu, Ciakuthii, unamkumbuka, yule msusi wa vyondo. Ameketi na mchoro wa bodi ya kwanza tangu jana. Aliniuliza huu ni ususi wa wapi, nikamwambia ni mbuzi wa Mwalimu wa Meru. Akaanza kuuliza ni wangapi, halafu akaufunga mdomo wake mwenyewe.

Ni mimi,
Ndambiri, Baba Rwamba


Mitunguu,
19 Agosti 1994

Baba Rwamba,

Bodi sita zimefika na mimi nimekosa adabu. Nilizifungulia mbele ya mwalimu mkuu nikapiga kelele kama mtoto aliyeletewa viatu.

Ulifanyaje? Nyaya zimelala kama nywele zilizosukwa kwa ajili ya harusi. Nyekundu zinakwenda na nyekundu, za manjano zinapinda pamoja mahali pamoja, na hakuna hata mmoja uliolegea. Nimewahi kuona bodi zilizotoka viwandani ng'ambo, na hizi zinazishinda. Hata kile kizingo kidogo cha waya unachokiacha kila bodi, mahali tofauti tofauti, kimekunjwa kama kipuli cha sikio. Umeanza mapambo uzeeni?

Nimezijaribu. Kila bodi niliiwekea nyota mbili katika vijumba viwili vya kwanza, nikaunganisha na ile kompyuta kuukuu ya shule. Zikavutana. Zikazungukana kwenye kioo, polepole, duara kamili, kama zilivyokuwa kwenye karatasi yangu. Wasichana wa kidato cha nne walikuwa nyuma yangu, nikasikia mmoja akisema, "Wueh, Madam analia." Nilikuwa nalia kweli.

Nitumie zilizobaki haraka. Joto la huku limenitia wasiwasi, chipu zinachemka, lakini nimepitisha bomba la maji ya shamba nyuma ya kabati na kuweka feni mbele yake. Jirani anadhani ninafuga samaki.

Kathure


Karurumo,
30 Agosti 1994

Mwalimu,

Asante kwa maneno yako, nimeyasoma kwa sauti hapa nyumbani na yamefika kila mahali yalipostahili kufika. Bodi tatu zaidi ziko na Kirimi, na tatu za mwisho zitakuja kabla ya Septemba kuisha.

Vile vizingo usivijali. Ni mazoea ya mkono tu.

Ndambiri


Mitunguu,
9 Oktoba 1994

Baba Rwamba mpendwa,

Hii barua itakukuta nimeshamwandikia Profesa Mbae, sikuweza kungoja.

Bodi zote kumi na mbili ziko ndani. Jumatatu nilizijaza nyota elfu tatu, galaksi moja tu kwanza, ikae peke yake na kuzunguka ili nione kama imetulia. Kompyuta ya idara ingechukua wiki mbili kufika hapo. Yetu ilichukua saa tano. Saa tano, Baba Rwamba. Nilifundisha asubuhi, nikala muthokoi, nikarudi nikakuta hesabu ya wiki mbili imekwisha.

Na sasa sikiliza. Galaksi inatembea. Iko peke yake, hakuna chochote cha nje cha kuivuta, lakini kundi zima linasogea kwenda kona ya juu kulia ya kioo. Polepole, lakini linakwenda. Nimerudia mara nne na kila mara linakwenda. Vitabu vyote vinasema haiwezekani. Lakini hakuna aliyewahi kuiangalia kwa nyota elfu tatu kwa muda mrefu hivi kwa mashine ya namna hii. Labda kuna kitu huko ambacho hesabu za mkono hazikuweza kukiona. Nimemwambia Profesa kwamba Mitunguu huenda tumepata jambo jipya kabisa. Amejibu kwa simu ya maandishi maneno matatu, "Nakuja na mtihani," maana yake atakuja siku ile ile ya tarehe 25, na anamleta mtahini wa chuo kingine pamoja naye, kwa kuwa mashine haibebeki.

Kichwa changu kiko mbinguni. Nishike miguu.

Kathure


Karurumo,
15 Oktoba 1994

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Mimi si mtu wa nyota. Lakini nimetengeneza redio miaka ishirini na tatu, na redio ikianza kuimba wimbo ambao hakuna kituo kinachoupiga, sisemi nimegundua kituo. Natafuta waya. Nikimvuta ng'ombe kwa kamba, naye ananivuta, mikono yangu inajua. Kama nyota zako zote zinavutana kwa haki, kundi lao halina pa kwenda. Likitembea, basi humo ndani kuna anayevutwa asiyevuta.

Umeniomba nikushike miguu, ndivyo ninavyokushika. Jaribu kijumba kimoja kimoja, vyote, usiridhike na viwili vya kwanza. Sisemi kazi ni mbaya. Nasema jaribu kabla Profesa hajaweka guu lake Mitunguu.

Ndambiri


Mitunguu,
23 Oktoba 1994

Bwana Ndambiri,

Nimejaribu. Siku tatu nimekaa na vijumba mia moja na tisini na viwili, kimoja kimoja, kama mwalimu anayesahihisha insha.

Kumi na viwili ni bubu. Kila bodi ina kimoja. Kinapokea nyota yake, kinapiga hesabu yake vizuri kabisa, na jibu haliondoki, hivyo nyota hiyo inavutwa na wenzake lakini yenyewe haivuti. Waya wa kulipeleka kwenye kijumlishi haukuunganishwa. Umefungwa upande mmoja, upande wa pili umekunjwa vizuri ukaachwa. Ndivyo vile vizingo. Ndivyo vile ulivyoniambia nisivijali.

Kosa la kawaida ningelielewa. Mtu akichoka anaacha nyaya mbili hapa, hakuna pale, tano kule. Makosa hayana nidhamu hivi. Kimoja kila bodi, na kila bodi mahali tofauti, na waya umekatwa kwa urefu unaofaa na kumenywa ncha. Hii imefanywa kwa makusudi na mtu anayejua anachofanya. Kwa hiyo nakuuliza, na nataka jibu la ndiyo au hapana: ni wewe? Kama si wewe, bodi zangu zilipita mikononi mwa nani?

Nimemwandikia Profesa kwamba nimegundua jambo jipya duniani, Ndambiri. Zimebaki siku thelathini na tatu.

F. Kathure


Karurumo,
29 Oktoba 1994

Mwalimu,

Unaona mwandiko huu ulivyo, kama kuku aliyepita kwenye majivu. Ndio mkono wangu. Ndiyo sababu ya taipu.

Mwaka jana mwezi wa nane nilifungua televisheni ya mteja ambayo haikuwa imepoa. Umeme ulinirusha mpaka ukutani. Nilipona, lakini mkono wa kulia tangu hapo unatetemeka na hauachi. Redio nafungua kwa mkono wa kushoto na Rwamba, binti yangu, ananisaidia. Sikumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuka nikiwa hai, ambayo naona ni mbaya zaidi.

Barua yako ya Juni ilipofika ikisema hakuna mkono uliotulia kama wangu, nililia, nakuambia wazi. Ningeweza kukujibu siku ile ile kwamba mkono huo haupo tena. Ungetafuta fundi wa Nairobi na ungekuwa na haki. Sikuweza. Niliitaka sana kazi hiyo.

Bodi zako zimefungwa na mama yangu na wanawake wenzake wa kikundi cha vyondo. Niliwasomea mchoro, pini kwa pini, na wao wakafunga. Sikuwahi kuona watu wakijifunza upesi vile. Msusi wa kiondo hukumbuka nyuzi mia tatu bila karatasi, na akikosea uzi mmoja mkono wake unakataa kuendelea. Wiki ya kwanza walinirekebisha mimi, nilikuwa nimesoma safu vibaya. Sitakuambia walikuwa wangapi, mama hapendi.

Ulipouliza habari za vizingo nilidhani ni urembo wao, na sikutaka kuuliza mbele yao nikaonekana sijui. Kwa hiyo nikakudanganya mstari mmoja, na mstari huo umekula kazi yako. Jana nimemuuliza mama. Ameshangaa zaidi yako. Anasema atakuandikia mwenyewe.

Lawama ni yangu, si yao.

Ndambiri


Karurumo,
30 Oktoba 1994

Kwa Mwalimu Kathure,

Mimi ni Rwamba, naandika, lakini anayeongea ni Cucu, nyanya yangu. Anaongea Kiembu nami naweka kwa Kiswahili, hivyo ukiona kitu kimekaa vibaya ni mimi.

Anasema: Mwalimu, hujambo. Nimesikia umekasirika. Mimi pia nilikuwa nimekasirika na wewe tangu mwezi wa nane, sasa tuko sawa.

Anasema: Mwanangu aliniambia hawa ni mbuzi wako, na zizi ni hili, na kila mmoja anaingia mahali pake. Vizuri. Sasa mimi ni mtu wa kuajiriwa, mbuzi si wangu. Nani amekufundisha kwamba mtu wa nje anahesabu mbuzi wa wenyewe mpaka mwisho na kufunga mlango? Hiyo ni kuwaita fisi. Ukikabidhiwa mbuzi na mtu, unamwachia mwenyewe mmoja, wa mwisho ni wa mkono wake. Akija anamwingiza, anafunga, wamekuwa wake wote. Ndivyo mama yangu alivyofanya na mbuzi wa watu, na mimi siwezi kuanza uchawi uzeeni.

Anasema: Kila zizi nilikuachia mmoja. Sikumchagua yule yule kila mara, kwa nini nimwonee? Waya wako nimeukata kipimo, nimeumenya, nimeukunja mahali macho yako hayawezi kukosa. Nikangoja. Mtu akiachiwa mbuzi wake na adabu yote hiyo anasema asante. Wewe ukaandika eti ni kipuli. (Hapa Cucu amecheka mpaka nimeweka kalamu chini. Rwamba.)

Anasema: Kumbe hukujua. Kwenu Meru hamna mbuzi?

Anasema: Unganisha. Ni wako. Halafu uniambie kama wametulia.

Ciakuthii, kwa mkono wa Rwamba

P.S. Mwalimu, hii ni mimi sasa. Baba hali chakula vizuri tangu barua yako. Please mwandikie kitu, hata kama ni matusi.


Mitunguu,
6 Novemba 1994

Kwako Baba Rwamba, na kwako Cucu, na Rwamba uwasomee wote wawili mahali pamoja,

Kwetu Meru mbuzi tunao. Baba yangu hakuwahi kuwahesabu mbele ya wageni, na nikiwa mdogo nilichapwa kwa kuhesabu ndama wa jirani kwa kidole. Nilikuwa nayajua haya yote. Nilipovaa koti la maabara niliyaacha mlangoni. Cucu, asante kwa mbuzi kumi na wawili ulioniachia, na unisamehe kwa kuchelewa.

Baba Rwamba, nilikasirika sana na bado sijamaliza. Hasira yangu si ya mkono. Ungeniambia mkono umeumia ningekuja Karurumo kesho yake kukuona, na ningekuuliza hilo hilo la nani atafunga, na ungenionyesha watu hao, na tungecheka tangu Juni. Ulidhani natafuta mkono, kumbe nilikuwa nakutafuta wewe. Hata hivyo ni wewe uliyesema kuna anayevutwa asiyevuta. Nilikuwa na digrii na mashine na vitabu, na nikaota. Wewe ukasoma ukurasa mmoja ukajua. Na mimi nilijaribu vijumba viwili kwa haraka zangu nikaita bodi nzima. Tugawane aibu, inatutosha wote.

Profesa nimemwandikia kwamba hakuna jambo jipya, kuna nyaya kumi na mbili. Hajajibu. Hilo linaniogopesha kuliko angenitukana.

Nimeunganisha kumi na moja kwa mkono wangu. Wa kumi na mbili nimeuacha. Mgongano wa galaksi mbili unahitaji karibu siku kumi na moja mfululizo, na lazima uanze kabla ya tarehe 14, la sivyo nitasimama mbele ya jopo na nusu ya jibu. Njooni Jumamosi tarehe 12. Kirimi anarudi na lori tupu, mbele kuna nafasi. Cucu, nataka niunganishe huo wa mwisho ukiwa umesimama hapo, na nataka unione nikifunga.

Kathure


Mitunguu,
27 Novemba 1994

Baba Rwamba,

Tangu mlipoondoka sijapata mahali pa kukaa niandike. Sasa nimekaa.

Mlivyoiona Jumamosi ile ndivyo ilivyoendelea. Kitovu cha uzito wa galaksi zote mbili hakikusogea hata unywele, nami nilikuwa napita hapo kila baada ya kipindi nikiweka rula kwenye kioo. Siku ya nne umeme ulikatika. Nilikuwa nimehifadhi hesabu ya saa sita mchana, hivyo tulipoteza saa mbili tu, lakini saa hizo mbili nilizeeka. Jumatano tarehe 23 asubuhi ikamaliza.

Laiti ungeona. Zinakuja taratibu kama watu wasiojuana, zinapitana, na hakuna nyota inayoigonga nyingine, kwa kuwa kati yao kuna nafasi tele. Lakini zikishapitana hazitoki kama zilivyoingia. Kila moja imemvuta mwenzake mkia mrefu wa nyota, unaozunguka nyuma na kujikunja. Halafu zinasita, zinarudi, na mara ya tatu huwezi tena kusema hii ni ipi na ile ni ipi. Nyota mia mbili na kumi zilihama kabisa upande. Mwambie Cucu, aliniuliza kama kila mbuzi atarudi kwao. Hawakurudi. Wameoana.

Ijumaa wakaja wawili, Profesa Mbae na mtahini mgeni, mama mmoja mkavu ambaye hakunywa hata chai. Niliamua sifichi kitu. Nikaanza na galaksi iliyotembea, nikawaonyesha kona ya juu kulia, nikasema hapa ndipo nilipojidanganya. Nikawaeleza bubu kumi na wawili, na nani aliwaacha, na kwa nini. Profesa akawa anaangalia viatu vyake. Yule mama akaweka kalamu chini akauliza, "Kwa hiyo una data ya mashine hii hii, ikiwa na kosa linalojulikana kabisa, na bila hilo kosa?" Nikasema ndiyo. Akamgeukia Mbae akasema, "Prof, unajua watu wanalipia hii?" Inavyoonekana kila anayeunda mashine za namna hii anaogopa kijumba kimoja kife kimya asijue, na hakuna aliyepima galaksi hutembea umbali gani kikifa. Sisi tumepima, kwa bahati ya adabu ya mama yako. Wanataka iwe sura nzima ya tasnifu yangu.

Halafu ikaja karatasi. Kuna fomu ambayo lazima niitie sahihi, nayo inasema kazi hii na vifaa vyake ni vya mikono yangu peke yangu. Nilishika kalamu nikaiangalia. Nikakumbuka ukali wangu kwako mwezi wa kumi. Nikayakata maneno "peke yangu", nikaandika pembeni: angalia ukurasa wa mbele. Ukurasa huo niliuandika siku ile ile mlipoondoka, na una majina.

Profesa akasema, "Kathure, hii form haikatwi. Sign kama ilivyo, mambo ya majina tutaangalia baadaye." Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, na bodi kumi na mbili hazifungwi na mtu mmoja, na nikisaini hivyo sura ile mnayoitaka inakuwa uongo kuanzia jalada. Wakaniambia nitoke nje.

Nilikaa kwenye benchi la nje ya maabara dakika arobaini. Nilijiona nimefutwa. Nilifikiria miaka mitano, nikafikiria kama nitaweza kumtazama mwalimu mkuu, na nakuambia ukweli, Baba Rwamba, kuna wakati niliinuka ili nirudi ndani nisaini. Niliinuka mara mbili. Mara ya pili mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Wamepitisha. Ile fomu wameiambatanisha ilivyo, imekatwa, na wote wawili wametia sahihi pembeni ya maneno niliyoyakata. Idara inataka mashine kubwa zaidi, bodi tisini na sita, na Mbae ameuliza fundi wake ni nani. Nimempa anwani yako. Nakala ya ule ukurasa iko ndani ya bahasha hii.

Wako,
Kathure


Karurumo,
5 Desemba 1994

Mwalimu,

Naandika kwa mkono. Vumilia.

Barua yako ilifika siku ya kikundi. Niliisoma mbele yao wote, na hakuna aliyeshika uzi mpaka nikamaliza. Nilipofika pale pa kuinuka kwenye benchi, Njoki, mmoja wa wasusi, alisema, "Akae, jamani, akae." Uliposema wamepitisha walisimama wakaimba, na walikuwa bado wanaimba mteja wangu mmoja akachukua redio yake akaenda bila kulipa. Nimemwacha.

Kisha mama akataka ule ukurasa. Hajui kusoma, kwa hiyo niliusoma jina kwa jina, na kila aliyetajwa alijibu "niko" kana kwamba ni shuleni. Akanirudisha mwanzo mara tatu. Baadaye, watu walipotawanyika, alinipa karatasi akasema nimwonyeshe kwa kidole yeye ni yupi. Nikaweka kidole, na kidole kikatetemeka juu ya majina mawili, kwa kuwa langu liko chini ya lake. Alinishika kiwiko mpaka kikatulia. Akaliangalia jina lake muda mrefu, halafu akaliangalia langu. Akasema lake ni refu zaidi.

Tangu wakati huo anamwambia kila anayepita barabarani. Njoo na hiyo michoro ya tisini na sita, Mwalimu, na mara hii uje nayo mwenyewe. Wanawake wameshaanza kubishana juu ya rangi za nyaya.

Ndambiri